Magari ya zamani ni biashara yetu, sheria za mpakani ziyatambue

Mwaka juzi nilivuka mpaka nikiwa na pampu ya maji ya gari ndani ya boksi la viatu. Ilikuwa ya Peugeot 504 ya mjomba wangu, gari alilonalo tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa ameitafuta pampu hiyo miezi minne upande wa Tanzania bila mafanikio. Mwenzake wa klabu aliyeko Kenya akampigia simu kwamba imeonekana Grogan, pale Nairobi ambako spea za kila aina huuzwa, na kwa kuwa nilikuwa huko kikazi, nikaagizwa niichukue. Muuzaji alinionyesha namna ya kuizungusha kwa vidole nisikie kama beringi ni nzima. Nikalipa, nikaandikiwa risiti ya mkono, nikaondoka.

Mpakani nilifuata njia iliyonyooka, nikatangaza nilichobeba. Afisa akaniuliza pampu imetengenezwa wapi. Nikasema Ufaransa. Ni mpya? Hapana. Ina cheti cha uasili? Haina. Hakunitukana wala hakuniomba kitu. Aliniambia kwa upole kwamba hiyo ni bidhaa ya kigeni iliyotumika, nitafute wakala wa forodha, thamani ikadiriwe, ushuru ulipwe. Nilikaa pale saa nne. Nilipojumlisha ushuru na malipo ya wakala, nilikuwa nimelipa zaidi ya bei ya pampu yenyewe.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja anayeuza klachi pleti na shokapu. Alichungulia boksi langu, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, na kapampu hako ungepanda bodaboda huko nyuma, saa hizi ungekuwa kwenu unakunywa chai." Akacheka, halafu akanyamaza. Baadaye akanisimulia jinsi alivyowahi kunyang'anywa gia boksi ya Land Rover kwenye njia hiyo hiyo ya panya. Mtaji wa miezi mitatu ulikwenda kwa usiku mmoja. Tangu siku hiyo anapanga foleni, ila spea za magari ya zamani ameziacha. Zinampotezea muda kuliko faida yake.

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Wengi tukisikia mtu ana gari la mwaka 1970 analolipaka nta kila Jumapili, tunadhani ni starehe ya wazee wenye fedha. Mimi nasema ni soko, na ni soko letu sisi wa mipakani. Klabu za magari ya zamani zimeshaunganisha Arusha, Nairobi, Kampala na Moshi kwa simu na urafiki. Kilichobaki nyuma ni sheria zetu, ambazo bado zinayaona magari hayo kama chuma chakavu na vipuri vyake kama magendo.

Tuanze na historia, maana magari haya yana historia ya ukanda mzima. Mwaka 1953 mashindano ya magari yaliyokuja kujulikana duniani kama Safari yalianza kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari. Washindi wake walikuwa watu wa pande zote. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 lililokuwa limeshatumika. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, wakiendesha Peugeot 404. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa Datsun 240Z. Hatimaye neno "East African" likatoka kwenye jina na mashindano yakabaki Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983.

Magari ya kawaida nayo yalikuwa ya ukanda mzima. Peugeot 504, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968, haikuja yote kwa meli ikiwa tayari imekamilika. Takriban 27,000 ziliunganishwa Kenya kutokana na vipande vilivyoletwa kutoka nje. Zile za familia, zenye mstari wa tatu wa viti, ndizo zilizobeba abiria wa masafa marefu kabla ya basi dogo kutawala. Msomaji mwenye umri wa miaka hamsini na kuendelea atakumbuka alivyobanwa humo na mzigo ukiwa juu ya keria.

Land Rover ndiyo usiseme. Ile tunayoiita 109 ilipewa namba hiyo kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ukipimwa kwa inchi. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu ilipobuniwa Uingereza, na kuonyeshwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Ndiyo maana leo utaikuta 109 bodi yake imepondeka kila upande lakini haina kutu, ilhali chasisi chini imeliwa. Kwenye minada ya mifugo na magulio ya Umasaini, pande zote mbili za mpaka, Land Rover hizo bado zinafanya kazi. Mfanyabiashara wa ngozi, mahindi au sukari anazijua kuliko mwana klabu yeyote.

Sasa tazama nani anayatunza magari haya. Nairobi, klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo imekuwa ikiandaa Concours d'Elegance tangu 1970, na kwa miaka mingi uwanja umekuwa Ngong Racecourse. Pale majaji hawaangalii rangi tu. Wanakagua injini, viti, buti, hata chini ya gari. Tangu 2003 kumekuwepo pia mashindano ya Safari Classic, yaliyoanzishwa kuadhimisha miaka 50 ya Safari ya kwanza. Yanatumia magari ya zamani, na mara kadhaa njia yake imevuka kuingia Tanzania. Oktoba 2024, Arusha iliandaa tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya msafara mkubwa zaidi wa magari hayo, iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani kwa magari 632. Mji mzima ulijaa moshi, turubai na watu waliopanda juu ya boneti kupiga picha.

Hayo ni ya mbele ya kamera. Kazi yenyewe ya klabu ni ya kila siku, na haina picha. Mtu ameokota Peugeot 404 iliyolala chini ya mwembe miaka kumi na tano. Kwanza anaitoa kuku ndani. Kisha anaifungua injini yote, anapima silinda kama zimelika, anasafisha kabureta, anavuta waya upya kwa sababu panya wamekula za zamani. Akikwama, anatuma picha kwa wenzake. Mmoja Kampala anasema kipande hicho amekiona Kisekka. Mwingine Nairobi anamjua mzee mwenye injini nzima iliyokaa stoo. Wa tatu, Dar es Salaam, anasema msihangaike, kuna fundi Gerezani anayeweza kukikereza kipya kwa kufuata kile kilichovunjika. Gari moja linaweza kufufuka kwa mikono ya watu wa miji minne ambao hawajawahi kuonana.

Hesabu basi wanaokula kupitia gari hilo moja. Fundi bodi anayenyoosha bati. Fundi wa kukereza vyuma anayechonga bushi. Mshonaji wa viti na maturubai. Mpaka rangi. Muuzaji wa spea kuukuu ambaye kwa kawaida angeuza injini hiyo kwa kilo kama chuma chakavu. Dereva wa basi anayebeba kifurushi. Na katikati yao wote yupo mfanyabiashara wa mpakani, mwenye kujua nani ana nini upande gani, na bei ya kila upande. Hiyo ndiyo kazi unayoifanya wewe msomaji kwa vitenge, vitunguu na maharage. Huhitaji kusoma ili uifanye kwa shokapu za Land Rover.

Shida ni kwamba kwenye sheria gari hilo halipo. Majirani watatu tuna msimamo mitatu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Uganda, kwa sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inakataza gari la miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Tanzania inaruhusu, lakini inatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kila nchi ina sababu zake na nitazigusia. Lakini angalia matokeo. Peugeot 504 iliyounganishwa Kenya mwaka 1980, ikauzwa Tanzania, ikatunzwa vizuri hadi leo, mmiliki wake akitaka kumuuzia Mkenya, karatasi zitaiona kama gari kuukuu la kigeni. Gari linazuiwa kurudi nyumbani kwao.

Kwa upande wa vipuri, tofauti moja inawachanganya wengi. Umoja wa Forodha ulioanza 2005 umeondoa ushuru kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya, yaani zilizotengenezwa kwetu kwa vigezo vilivyokubaliwa. Haujaondoa ushuru kwa bidhaa za nje zinazopita kwetu. Springi, betri au ekzosi iliyotengenezwa Kenya au Uganda inaweza kuvuka bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti. Ukiwa na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, Cheti Rahisi cha Uasili hutolewa hapo hapo mpakani. Lakini pampu ya Ufaransa iliyolipiwa ushuru Mombasa kwa ajili ya soko la Kenya, ikivushwa kuja Tanzania, inaanza upya kama mgeni. Haijalishi ilikaa ndani ya gari la Mkenya miaka thelathini.

Kuna watakaosema serikali ziko sahihi, na sitawapuuza. Ukomo wa umri uliwekwa ili ukanda wetu usigeuke dampo la magari yaliyochokwa huko yalikotoka. Moshi unaumiza watoto wetu. Breki mbovu zinaua. Na tukiwa wakweli, mlango wowote utakaofunguliwa kwa gari la kihistoria, kesho atatokea mjanja na kontena la vimeo akidai vyote ni vya kihistoria. Hoja nyingine ni wizi. Soko la vipuri vilivyotumika lina harufu hiyo, na kila aliyewahi kuibiwa taa za gari usiku anaijua.

Hoja hizo ni nzito, lakini hazijibiwi kwa kumtesa mwenye pampu moja. Zinajibiwa kwa kutenganisha gari la kihistoria na gari bovu, na kazi hiyo wengine wameshaifanya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linalitambua gari la namna hiyo kwa vigezo vinavyoeleweka: liwe na umri usiopungua miaka 30, liwe limetunzwa katika hali yake ya asili, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Uingereza gari lililozidi miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Hakuna aliyelala akaamka Uingereza imekuwa dampo.

Napendekeza mambo matatu kwa Jumuiya, ambayo sasa ina nchi wanachama nane.

La kwanza, tuwe na tafsiri moja ya gari la kihistoria kwa nchi zote. Klabu iliyosajiliwa ilikague gari na kulithibitisha, polisi wahakiki namba ya chasisi na ya injini, ndipo litolewe kitambulisho kinachotambulika kila mpaka. Klabu itakayothibitisha kimeo ipoteze usajili. Wenye klabu wanaona aibu ya gari bovu kuliko afisa yeyote, kwa hiyo tuutumie wivu wao huo.

La pili, gari lenye kitambulisho hicho liruhusiwe kubadili mmiliki ndani ya Jumuiya bila kuzuiwa na ukomo wa umri, kwa sharti kwamba lisibebe abiria wala mizigo ya biashara. Land Rover inayosomba watu kwenda mnadani ibaki chini ya sheria ya kawaida na ukaguzi wa kawaida. Msafara wa klabu unaovuka kwa siku chache upate kibali kimoja cha pamoja, badala ya kila dereva kurudia karatasi zile zile.

La tatu, na hili ndilo letu wafanyabiashara, kipuri kilichotumika cha magari hayo kivuke kwa utaratibu rahisi kikiwa ndani ya kiwango kile kile cha dola 2,000. Ushahidi uwe risiti yenye namba ya chasisi ya gari kilikotolewa. Gari hilo lilishasajiliwa, maana yake ushuru wake ulishalipwa ndani ya Jumuiya. Namba hiyo moja inajibu maswali mawili kwa pamoja: kwamba kipuri hakikukwepa ushuru, na kwamba hakikuibwa. Muuzaji asiyeweza kuiandika, tusinunue kwake.

Wakati tunasubiri vikao, kuna ya kufanya leo. Usinunue spea bila risiti yenye jina la muuzaji, hata kama ni ya mkono. Mwombe aandike ilitoka kwenye gari gani. Uliza kama bidhaa unayobeba imetengenezwa Afrika Mashariki, kwa sababu wengi wanalipa ushuru wa springi zilizotengenezwa hapa hapa kwa kutojua tu haki yao ya cheti. Kwenye mipaka mikubwa kuna dawati la taarifa za biashara kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Pita pale kabla ya kwenda kwa wakala. Na mkiwa na chama chenu cha wavuka mpaka, wakaribisheni watu wa klabu kwenye kikao kimoja. Wao wana barua, mawakili na marafiki maofisini. Ninyi mna hesabu za mizigo iliyozuiwa na siku zilizopotea. Kila upande una kinachokosekana kwa mwenzake.

Tusipofanya hivyo, magari haya hayatatusubiri. Marekani inaruhusu gari lenye umri wa miaka 25 na zaidi kuingia bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya, na Land Rover za zamani zina wapenzi wengi huko na Ulaya. Mnunuzi wa mbali anakuja na fedha taslimu, analipakia gari kwenye kontena, linaondoka na kila kazi iliyokuwa ndani yake. Fundi wa Unga Limited hatalinyoosha tena. Mama wa klachi pleti hatauza kitu. Ni rahisi leo kwa 109 ya Arusha kufika ng'ambo ya bahari kuliko kuhamia kwa mmiliki mpya Kampala. Hilo ndilo linalonikera kuliko saa zangu nne za foleni.

Pampu ile bado inafanya kazi. Mjomba alinirudishia fedha zote, ushuru na wakala pamoja, akasema gharama hiyo angeweza kumlipa fundi kwa wiki nzima. Sasa anahitaji gasketi ya silinda hedi, na wenzake wa klabu wamemwambia ipo moja Kampala. Ameniuliza nitapita huko lini. Nitapita, na nitaitangaza mpakani kama nilivyotangaza ile ya kwanza. Ninachoomba ni nifike dirishani na risiti yenye namba ya chasisi, nilipe kinachostahili kama kipo, na niondoke kabla chai ya mjomba haijapoa.